Birika Nyekundu Kwenye Tableau

Jumatatu, tarehe 5 mwezi wa tano

Gari imefika! Imetoka Kasindi, kule mupakani, leo asubuhi. Commissionnaire, dalali aliyeinunua na kuileta, alinitia ufunguo mukononi, akapanda pikipiki ya kwanza iliyopita, hata bugali hakungoja. Batu wa Kasindi bako na kazi mingi.

Iandikwe basi: mimi, Zorobabel Syauswa, muuza misumari na mabati wa Vulamba, hapa Butembo, niko na gari. Ina miaka makumi mbili na nane na rangi ya majani ya ndizi. Muke wangu Mariette aliizunguka mara mbili. Kisha akauliza (ananiita kwa jina la mutoto wetu): Papa Delphin, na hii inatonya chini yake ni nini? Nikamuambia ni jasho. Imetoka mbali.

Mais tableau, ule ubao wa taa mbele ya usukani! Nilipofungua contact na ufunguo, taa zikawaka zote pamoja, nyekundu, manjano, kijani. Majirani bakaingiza vichwa dirishani. Moteur ilipoanza, nyingine zikalala, mbili zikabaki macho. Kitabu cha gari kiko, mais kimeandikwa Kijapani toka mwanzo hadi mwisho. Hainisumbui. Mutu aliyesoma hadi mwaka wa tano wa secondaire anaweza kufikiri mwenyewe.

Nimefikiri.

Mushale wa mafuta uko na herufi mbili, E na F. Wazi kabisa. E ni Encore, F ni Fini. Mushale ulikuwa kwenye F. Huzuni! Nilikimbia kwa muuza mafuta ya bidon mbele gari haijazimika, nikamuambia atie litre kumi. Ikaingia moja, ya pili ikarudi yote ndani ya viatu vyangu. Mudomo wa reservoir ni mudogo sana. Kosa la batu ba kiwanda.

Mushale mwingine uko na C na H. Calme na Heureux. Gari inajua roho yake yenyewe! Bandugu wangapi ninabajua hapa Vulamba banashindwa hiyo?

Sasa taa mbili zilizobaki macho. Ya kwanza ni alama ya mushangao ndani ya duara. Gari inanishangaa. Taa hiyo haikuzimika safari yote hadi sokoni na kurudi, na nyuma kulikuwa harufu ya kitu kinachoungua, bila shaka ile harufu ya gari ambayo batu banasifu. Mariette aliuliza fimbo iliyosimama katikati ya viti ni ya nini. Ni ya kushikilia kwenye kona, nikamuambia. Akashikilia.

Ya pili ni birika. Birika ndogo nyekundu, tone moja linatoka mudomoni. Hii ilinichukua saa nzima. Mais nimepata. Kule Asia banapenda chai. Gari inakumbusha dereva apumzike, anywe chai. Heshima gani!

Na imefika kwa wakati wake. Siku ya posho hii, tarehe 10, Rébecca anaolewa kule Beni, misa saa ine asubuhi. Rébecca ni mutoto wa marehemu kaka yangu, tulimulea hapa nyumbani toka alipokuwa na miaka sita. Nani atamupeleka kanisani? Vagheni, kaka ya Mariette, shemeki wangu, anajiona amekwisha kuchaguliwa. Juu ya nini? Juu yeye ni parrain wake wa ubatizo, na yuko na gari nyeupe ambayo haijafika hata miaka kumi.

Tutaona.


Jumanne, tarehe 6

Nimehakikisha mambo ya birika. Kwa majaribio, sawa vile banafundisha kwenye masomo.

Saa tatu, kwenye mupando, birika ikawaka. Nikasimama, nikazima, nikanywa chai kwa mama wa kona, kikombe kimoja na mikate mbili. Nikawasha moteur: birika imezimika! Saa tano ikawaka tena. Chai. Ikazimika. Saa saba, chai. Ikazimika, mais kwa muda mufupi. Nafikiri ilijua kikombe cha tatu sikukimaliza.

Vagheni alinikuta kwenye kikombe cha tatu. Alisimamisha gari yake nyeupe, akatazama chini ya gari yangu kwa muda murefu, akauliza ninatia mafuta gani ndani ya moteur. Nikamuuliza gari yake inamukumbusha chai mara ngapi kwa siku. Akasema haijamukumbusha hata siku moja. Nikamuambia pole. Akarudi ndani ya gari yake, akaenda.

Wivu. Niliuona machoni.


Jumatano, tarehe 7

Mukutano wa familia hapa nyumbani, chez moi. Neno moja tu: nani atapeleka bi harusi.

Vagheni alisimama kwanza. Alisema gari yake ni mupya, ni nyeupe sawa vile kanzu ya Rébecca, na kwamba tableau ya gari yangu inawaka sawa vile bar siku ya mushahara. Batu balicheka. Mashangazi ba Rébecca bakaongeza kwamba bi harusi hawezi kwenda kanisani akitazamana na taa nyekundu, sababu nyekundu haileti amani ndani ya nyumba. Rébecca alikaa na macho chini. Bazee bakasema uamuzi ni Ijumaa.

Kisha ikaja aibu nyingine. Madame Clémence Kalala, mupangaji wetu wa chumba cha nyuma, ni mwalimu wa physique, fizikia ya secondaire. Serikali ilimutuma hapa kutoka Kasai. Alipita akienda kuanika nguo, akachungulia gari, akasema ile si birika ya chai. Eti ni chombo cha kutilia mafuta ya moteur. Eti ikiwa nyekundu, mutu anazima gari mara moja na kupima mafuta. Nilimujibu kwa adabu kwamba kwao Kasai bako na almasi, mais chai hapana. Sisi wa Butembo tunajua chai. Akanitazama vile anatazamaka banafunzi ba mwisho wa darasa.

"Monsieur Zorobabel," akasema, "physique haina kabila."

Akaenda kuanika nguo zake.

Mais nilikuwa na jambo kubwa kuliko physique. Mashangazi habataki kuona nyekundu? Habataiona! Nilikwenda duka ya paroisse, nikanunua picha ya Moyo Mutakatifu wa Yesu, ya karatasi, kipimo cha kitambulisho. Nikaibandika juu ya birika na gundi ya batoto ya shule. Birika imepotea. Imebaki Bwana Yesu na moyo wake kifuani.

Nani atamupinga?


Alhamisi, tarehe 8

Siku ya maajabu. Niandike polepole.

Nilikuwa ninapanda kwenda paroisse, ili padri, Abbé wetu, aibariki gari. Katikati ya mupando, taa mupya! Musalaba mudogo mwekundu umesimama juu ya mawimbi ya maji. Musalaba. Maji. Sikuhitaji kitabu cha Kijapani. Gari inaomba ubatizo, na mimi ndiyo kabisa niko njiani kuipeleka! Machozi yalinilenga.

Abbé aliuliza kwanza kama nilitia maji ndani ya radiateur. Nikamuambia yake, ya baraka, itatosha. Alinyunyizia capot. Fsssss! Mvuke ukapanda hadi kwenye miwani yake. Nikapiga ishara ya musalaba, nikatangaza kwamba pepo ametoka. Abbé alipangusa miwani, akasema ako padri miaka makumi tatu na pepo wa radiateur hajakutana naye. Akanishauri nipitie kwa fundi. Nilimushukuru. Padri naye anaweza kuchoka.

Mais maajabu hayakuisha. Nilipowasha moteur ili nirudi, bamama wawili ba chama cha Moyo Mutakatifu baliomba lift. Tukafika kwenye mutelemuko, na mumoja wao akapiga kelele. Moyo wa Yesu ulikuwa unawaka! Mwekundu, katikati ya kifua, mahali pake hasa. Birika nyuma, karatasi nyepesi, mwanga ukapita. Mimi nilijua. Nikataka kubaeleza. Kisha nikatazama nyuso zao, na nikaona haitasaidia mutu.

Balishuka kwa mulango wangu bakiimba. Mbele ya saa tisa, Vulamba yote ilikuwa imesikia.


Ijumaa, tarehe 9

Ushindi!

Bamama makumi mbili balikuja kuona. Niliwasha moteur, moyo ukawaka, bakapiga magoti kwenye vumbi. Mashangazi bakasema nyekundu ya namna hii ni nyingine. Vagheni alisema kwa sauti ya chini kwamba moyo usiozimika ni dalili ya ugonjwa. Hakuna mutu alimusikiliza.

Mais aliyemaliza neno ni Rébecca mwenyewe. Alisimama mbele ya bazee akasema:

"Baba Mudogo alinipeleka shule na kinga miaka sita, mvua na jua, mimi nyuma na cartable ya vitabu kichwani. Hata kesho kama anakuja na ile kinga, nitapanda."

Kinga ni baiskeli yetu ya zamani, iliuzwa tukilipa masomo yake. Nilijifanya kukohoa. Mariette alinipatia kitambaa.

Vagheni alikubali haraka sana. Haraka ya kunitia mashaka. Aliomba kitu kimoja tu: afuate nyuma yangu, karibu-karibu, asiache gari nyingine iingie katikati. Mangaribi nilimuona akitia bidon mbili ndani ya coffre, nyuma ya gari yake. Kasiksi, pombe ya ndizi, bila shaka. Anataka kunywesha batu wa Beni ili basahau nani alileta bi harusi.

Madame Clémence alikuja mulangoni na karatasi. Alikuwa amechora taa zote na kuandika maana yake kwa wino wa rangi. Aliniomba nisome mbele ya kulala. Kazi nzuri, michoro safi. Niliikunja mara ine nikaitia chini ya muguu wa meza ya jikoni, ile inayotikisika. Sasa haitikisiki.


Siku ya posho, tarehe 10

Tuliondoka saa moja kamili. Mimi kwa usukani, Rébecca pembeni yangu ndani ya kanzu nyeupe, mwepesi sawa vile ukungu wa asubuhi, Mariette nyuma na bamama wawili ba chama. Nyuma yetu Vagheni na mashangazi wawili. Mushale wa mafuta unashuka kwenda E. Encore! Mushale mwingine karibu na C. Calme. Na mimi vile vile.

Moyo uliwaka toka kwa mulango wetu. Bamama bakaanza nyimbo.

Kufika Maboya, katikati ya njia, moyo haukuwaka na kuzimika tena. Nyekundu moja kwa moja. Mushale wa roho ukaacha Calme, ukapita katikati, ukapanda kwenda H. Nikabatangazia kwamba gari ina furaha ya harusi. Musalaba juu ya maji ukawaka pia. Bamama bakapandisha sauti.

Rébecca akainama karibu na sikio langu.

"Baba Mudogo, na ile tok-tok-tok?"

Nikamuambia gari inafuata nyimbo. Alisikiliza kidogo, akasema kwa upole kwamba bamama banaimba polepole na gari inapiga haraka. Ni kweli. Haina sikio la muziki.

Mbele kidogo, barrière ya barabara. Askari akatoka kuomba karatasi. Kwenye kifua ameandikwa Grady. Kijana murefu, Lingala mudomoni, kwao ni mbali, kule kwenye muto. Aliinama dirishani, akaona Moyo, akavua kofia na kupiga ishara ya musalaba. Kisha akageuza sikio. Uso ukabadilika.

"Zima moteur! Sasa hivi!"

Nikazima. Akasema:

"Papa, motema ya Yezu ezo pela malamu, kasi moteur na yo ezo kufa."

Mariette anajua Lingala ya muziki. Alibatafsiria bote bila kuombwa: moyo wa Yesu unawaka vizuri, mais moteur ya bwana yangu inakufa.

Niliona hii ndiyo saa ya chai. Pembeni ya barrière kulikuwa mama na chupa ya chai. Nilipendekeza. Grady alikuwa amefungua capot na moshi ulikuwa unatoka. Alivuta kile kijiti cha kupimia mafuta, akanionyesha. Kikavu sawa vile kijiti cha kiberiti. Kisha akaingiza mukono ndani ya gari, akabandua picha taratibu, akaibusu, akaipatia mama wa chama. Ikabaki birika.

Alinieleza kwa Kiswahili, kidole juu ya kioo. Aliendesha camion za jeshi miaka munane.

"Hii si ya chai, Papa. Ni mafuta ya moteur. Ikiwaka unasimama, unazima. Hapana kunywa kitu! Hii musalaba ni thermomètre, maji inachemuka. Na hii duara ni frein à main, umeivuta."

Frein à main ni ile fimbo ya kona. Mariette bado alikuwa ameishikilia.

"Na mushale ukienda kwa H, gari ina joto. Chaud!"

Hapo nikamuuliza, bila hasira, Chaud inaanza na herufi gani. Akafikiri. Akakuna kichwa. Tuko na C, nikamuambia, na mushale haukuwa kwenye C. Askari mwenzake akacheka. Hapo nilimushinda kabisa, na ninaandika hii sababu mbele ya hapo na nyuma ya hapo sikumushinda mutu.

Saa mbili na nusu. Rébecca alikaa kwenye benchi ya barrière, kanzu imekusanywa magotini isiguse matope. Askari mumoja alimushikia mwavuli. Hakulia. Hakunilaumu. Alinitazama tu vile alikuwa akinitazama zamani mnyororo wa kinga ukikatika na kengele ya shule ikilia mbali: akingoja niseme tutafanya nini. Kule Beni batu bako wamesimama mbele ya kanisa. Familia ya bwana harusi ilileta mbuzi zote za mahari, bila kuchelewesha hata moja, na sisi tutachelewesha bi harusi. Nilifikiria kaka yangu. Nilitaka udongo unimeze, na capot juu yake.

Vagheni alikuwa amesimama nyuma yetu toka mwanzo. Alishuka, akafungua coffre. Nikajiandaa kwa kicheko chake. Akatoa bidon mbili. Haikuwa kasiksi. Moja ya mafuta ya moteur, litre tano, mupya. Nyingine ya maji.

"Toka Jumanne nilijua," akasema. "Nilikuuliza mafuta. Hukusikia. Nikaona heri nifuate."

Nikamuambia basi apakie Rébecca ndani ya gari yake, aende. Yeye ni parrain. Nilisema haraka ili sauti isinisaliti. Nikafungua mulango wa gari nyeupe mimi mwenyewe.

Vagheni alivua koti, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye benchi. Akakunja mikono ya shati. Akatoa ufunguo wake, akanitia mukononi.

"Kamata, shemeki. Mutoto alisema atafika na wewe. Mimi nitabaki na huyu mugonjwa."

Nilisema "Wasingya kutsibu", asante sana ya kwetu, na hata hiyo ilitoka nusu.

Batu bangu bakahamia gari nyeupe. Mashangazi wawili ba gari ya Vagheni bakashuka, bakaketi na mama wa chai, na bakafurahi, kusema kweli. Grady akainua barrière, akatupigia saluti. Rébecca alimupungia mukono. Kisha akautia ule mukono juu ya mukono wangu kwenye usukani, akauacha hapo kilomita nzima.

Tuliingia Beni saa ine kasoro dakika tano. Kengele, vigelegele, bwana harusi ametoka jasho hadi kwenye cravate. Nilimushika Rébecca mukono, tukaingia. Kanzu nyeupe, hata tone moja la tope. Kaka yangu angeona.

Nitaje ukweli juu ya gari ya Vagheni: tableau yake haisemi kitu. Kilomita zote, giza na unyamavu. Haina tabia.

Vagheni alifika kwenye karamu saa saba, akiendesha gari yangu polepole, mikono nyeusi hadi kwenye kiwiko, mashangazi nyuma bakiimba. Misa yote ilimupita. Parrain! Batu baliuliza sana. Nilimutetea kadiri nilivyoweza, nikabaomba bamuelewe.

Nimemusamehe.


Jumapili, tarehe 11, Beni

Fundi wa hapa aliifungua gari leo nyuma ya misa. Alisema dakika tano zaidi na moteur ingekuwa chuma ya kuuza kwa kilo. Radiateur ina tundu, mafuta yanatoka chini. Jasho lile lile. Akanieleza kwa kidole: nyekundu, simama. Manjano, usichelewe kutazama. Kijani, endelea. Nikamuambia ninajua, iko vile hata kwa ndizi, kwa kinyume.

Vagheni amekasirika tena, sielewi juu ya nini. Jana mangaribi nilipeleka bageni kwao na gari yake, safari saba au nane. Kwenye safari ya tano taa ikawaka, ya manjano, picha ya pompe ya mafuta. Nilijua mara moja: gari inaonyesha kwamba station iko karibu. Na kweli ilikuwako, upande wa kushoto! Nilipita mbele yake mara sita, kila mara nikashangaa vile gari inajua mji. Leo asubuhi Vagheni alionekana kwa barabara, bidon mukononi, akitembea. Nilimupigia honi kutoka kwenye pikipiki iliyokuwa imenibeba.

Mais habari kubwa ni hii. Muzee Kambere, baba ya bwana harusi, anafanya biashara ya kakao. Alisikia jana kwenye karamu namna nilivyosimamisha gari dakika tano mbele ya kuharibika, na bi harusi ndani. Ndivyo batu banasimulia, sikumusimulia mimi. Aliniita pembeni. Akasema madereva wengi banaangalia barabara tu, mais mutu anayejua kusoma tableau namna hii ni wa kutafuta na taa. Anataka kununua gari. Aliniomba nimusindikize Kasindi, nimuchagulie.

Si adabu kumupinga muzee.


Jumatano, tarehe 14, Kasindi

Joto, vumbi, camion mbele na nyuma, babadilisha pesa banaita kila upande. Muzee Kambere amevaa kofia yake ya misa. Kwa kila gari anasimama nyuma yangu, mikono mugongoni, anangoja neno langu. Bauzaji bananiita Ingénieur. Sikubasahihisha.

Gari ya kwanza, ya kijivu. Nikafungua contact. Taa zote zikawaka pamoja, sawa vile yangu! Muuzaji akasema ngoja. Nikawasha moteur, zikazimika zote. Akasema umeona, haina ugonjwa. Nikamucheka. Nimetoka mbali sana na hiyo michezo. Gari iliyoungama magonjwa kumi, kisha ikanyamaza mara moja juu umeitazama? Nikamuambia Muzee tuendelee.

Gari ya pili, ya bluu. Iko pembeni, nyuma ya uzio. Muuzaji wake hakutaka kusema mingi, mutu wa amani. Nikafungua contact.

Kimya!

Nikafunga, nikafungua tena. Hata taa moja. Nyekundu hakuna, manjano hakuna. Nikawasha moteur, ikakohoa kidogo, ikaanza. Bado hakuna kitu. Mishale nayo imelala yote chini, haihangaiki na mambo ya dunia. Nimeona gari mingi wiki hii, mais gari yenye afya namna hii, bado.

Nilitaka Madame Clémence ajue kwamba masomo yake hayakupotea. Nikamupigia simu Butembo. Nikamuambia nimepata gari isiyo na kosa hata moja, tableau haiwaki kitu.

"Hata ukifungua contact?" akauliza. "Mbele ya kuwasha moteur?"

"Hata ukifungua contact!"

Kisha akaniuliza, polepole sana, kama nilifikiria kwamba mutu anaweza kuondoa ampoules, balbu za taa, zote ili mununuzi asione ugonjwa. Kwamba taa zinapaswa kuwaka kwanza, kisha kuzimika, ndivyo gari inaonyesha kwamba taa zenyewe ni nzima. Nikacheka. Nikamuuliza nani angefanya kazi kubwa namna hiyo, kufungua tableau yote, kutoa taa moja moja, juu tu ya kudanganya. Batu wa Kasindi bako na kazi mingi, nikamuambia. Sauti yake ikabadilika. Alikuwa anacheka au analia, réseau ya simu ya hapa haiko muzuri. Nafikiri ni furaha ya mwalimu.

Muzee Kambere aliniuliza mara ya mwisho kama niko na hakika. Nikamushika bega, nikamuinamisha dirishani, nikamuonyesha. Tableau safi sawa vile altare ya Ijumaa Kuu, hata mushumaa hakuna.

Muzee akavua kofia. Akanyoosha mukono kwa muuzaji.